Naomba ushauri: kufaidi starehe ndogo bila kujisuta wakati ratiba ni huru

Habari zenu wakuu. Nazungumzia kipindi cha katikati: mkataba umeisha, mwingine haujaanza, hakuna bosi wala kengele. Muda upo, ila ukishika riwaya saa nne asubuhi nafsi inakusuta. Nionavyo, tatizo si riwaya. "Kutafuta kazi" hakuna mahali kunapoishia, kwa hiyo kila dakika ya mapumziko inaonekana ya wizi.

Mpango nilionao: usiku kuandika mambo matatu tu ya kesho, yanayoweza kukamilika (mfano kutuma maombi mawili na kupiga simu moja), kuyafanya saa mbili hadi saa sita, kisha daftari linafungwa. Mchana ni matembezi, muziki, au usingizi wa dakika 20. Ukipita nusu saa unaamka mzito. Ukilala baada ya saa tisa alasiri, usingizi wa usiku unagoma. Kuperuzi simu siko kwenye hesabu ya starehe, kunakula muda na hakuburudishi. Hela ya starehe inatengwa mwanzoni mwa mwezi, kodi na chakula vikishatolewa, ili kila matumizi madogo yasizue kesi upya.

Ninapokwama: yale matatu yasipoisha, starehe ya siku hiyo ifutwe? Nahofia ikifutwa inageuka ujira, na hatia inarudi palepale. Pia, kama kipato hakieleweki, mnatenga asilimia ngapi? Na mwenza anayerudi jioni amechoka kutoka kazini, mnamwelezaje ratiba hii bila kuonekana mvivu?