Wakuu, saikolojia ya sanaa au ya sayansi? Mwisho Ijumaa

Mtoto wa Kirumba: Wakuu, shikamooni. Nipo Mwanza, nimemaliza kidato cha sita. Chuo kimoja India kimenikubali kusoma saikolojia, nichague digrii ya sanaa au ya sayansi. Huku naambiwa sanaa haina ajira, huku naambiwa zote zilezile. Usingizi umekata. Jana nimekesha mpaka mzee anarudi ziwani alfajiri na dagaa. Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Sangara Mkavu: Nenda VETA kasome umeme. Waya ukikatika unaunga, unalipwa. Kichwa cha mtu kikikatika unaungaje?

Bi Igoma: Dogo, mchepuo gani ulisoma?

Mtoto wa Kirumba: Dada, hilo si la msingi. Naulizia tofauti ya kozi.

Bi Igoma: Ndilo la msingi. Taja.

Mtoto wa Kirumba: HGL. Historia, jiografia, Kiingereza.

Bi Igoma: Na hesabu ya kidato cha nne?

Mtoto wa Kirumba: F. Ila mwalimu alihama tukakaa miezi bila mtu. Na wakala amesema chuo hakiangalii hiyo.

Mzee wa Kijiweni: Wakala anaangalia kamisheni. Sikiliza: mara nyingi ya sayansi inakubebesha takwimu nyingi, ubongo na neva, maabara. Ya sanaa inakuachia nafasi ya sosholojia, falsafa, lugha. Lakini usisome herufi, soma orodha ya masomo. Cambridge na Oxford wahitimu wao wa saikolojia wanapewa ya sanaa, na majaribio wanafanya hadi basi. Hata Wundt aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879 alikuwa profesa wa falsafa. Takwimu huikwepi popote, kwa hiyo hiyo F itakusubiri mlangoni.

Kamanga Feri: Binamu yangu ana hiyo ya sanaa, anadai mikopo ya vikundi huko Buzuruga. Anasema imemsaidia sana: akigonga mlango tu anajua mdaiwa yuko uvunguni.

Mlokole 77: Vijana mngemwomba Mungu kabla ya kuomba vyuo.

Mtoto wa Kirumba: Asante Mzee. Ila naona ya sayansi ina heshima zaidi, takwimu nitajifunza hukohuko. Kuna video.

Bi Igoma: Wewe umeshachagua. Umelipa?

Mtoto wa Kirumba: Ada ya mwanzo, ya sayansi. Mzee ameuza mashine ya boti.

Bi Igoma: Mungu wangu. Na yeye anajua unaenda kusoma nini?

Mtoto wa Kirumba: Anajua udaktari. Sikumdanganya, nilisema sayansi, yeye akamalizia. Si nitatibu watu wa akili?

Mzee wa Kijiweni: Kwa digrii hiyo huandiki hata kidonge kimoja. Daktari wa magonjwa ya akili anaanza kwa kusoma udaktari wenyewe. Wewe ukitaka kukaa na wagonjwa utaongeza masta, sanaa au sayansi.

Karabai: Chai hii, na sukari imezidi. Mashine imeuzwa, mzee karudije na dagaa? Halafu jana mbalamwezi pevu. Nani anavua dagaa mbalamwezi? Taa unamwashia nani?

Sangara Mkavu: 😂😂 Kanaswa. Dogo yuko Mbagala huyo, ziwa kaliona kwenye kalenda.

Mtoto wa Kirumba: Sikusema amevua. Tangu auze mashine anapanda boti za watu, jana alifuata magunia ya dagaa wakavu Ukara, kibarua.

Karabai: Ulisema "anarudi ziwani na dagaa".

Mtoto wa Kirumba: Magunia ni ya nini basi, mihogo? Mnadhani natania. Jumamosi amepita Mlango Mmoja kwenye mitumba akaninunulia koti jeupe la daktari. Kifuani lina jina la mtu limedariziwa kwa bluu. Hapa ninapoandika mama yuko mlangoni analifumua kwa wembe, herufi mojamoja.

Karabai: Amefika herufi ya ngapi?

Mtoto wa Kirumba: Ya tatu.

Bi Igoma: Mwambie asimame kwanza. Mzee yuko ndani?