Naomba ushauri: koma kabla ya "and" ni kosa?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha Kiingereza skuli moja hapa Wete. Mwanafunzi wangu kaandika "cloves, coconuts, and bananas", nikamkata alama kwa ile koma ya mwisho. Kesho yake kaniletea kitabu kilichochapwa Oxford, koma hizo zimejaa tele! Wallahi niliona haya. Mie nilifunzwa haiwekwi, na magazeti mengi ya Uingereza hayaiweki. Wamarekani wengi wanaiweka. Nimeuliza wenzangu ofisini, kila mmoja ana lake. Hata "they" ya mtu mmoja (badala ya "he" au "she") tulikatazwa, kumbe Waingereza wenyewe wanaitumia tangu karne ya 14.

Walimu, nyie mnasahihishaje? Nimrudishie alama yake, au nishikilie mtindo mmoja darasa zima mpaka mtihani upite?