Jaribio lipi la takwimu kwa matokeo ya ELISA ya kabla na baada ya tiba?

Mwanafunzi wa Seramu
Heshima kwenu wakuu. Nimepima kingamwili kwa ELISA (kipimo cha maabara cha kupima kiasi cha kingamwili) katika seramu, yaani majimaji ya damu, za wagonjwa 12, kila mmoja kabla ya tiba na tena wiki 4 baada ya kuianza. Kila sampuli niliiweka katika vishimo vitatu vya sahani, hivyo ninavyo vipimo 36 vya awali na 36 vya baadaye. Wagonjwa wengi wana viwango vya chini, wachache wana viwango vya juu mno, na sampuli mbili za awali zilikuwa chini kuliko kipimo kinavyoweza kugundua. Nilitumia jaribio la t la makundi yasiyohusiana, nikapata thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa namna hiyo kwa bahati tu) iliyo chini ya 0.001, lakini msimamizi wangu amelikataa. Je, nitumie lile la Mann-Whitney, linalolinganisha makundi mawili kwa mpangilio wa ukubwa wa namba?

Mpenda Hesabu
Ndugu, hesabu kwanza ulichonacho. Una wagonjwa 12, si 36. Vishimo vitatu vya seramu moja vinaonyesha jinsi mkono na pipeti yako vilivyo thabiti, wala havisemi lolote kuhusu wagonjwa wanavyotofautiana. Ukivihesabu kama watu watatu, thamani ya p inashuka ilhali ushahidi haujaongezeka. Chukua wastani wa vishimo hivyo, ubaki na namba moja kwa kila sampuli.

Mann-Whitney nalo lina kasoro ileile ya jaribio lako la t, kwa kuwa linachukulia kwamba makundi ni ya watu tofauti, na mgonjwa wako wa kabla ndiye huyo huyo wa baada. Unahitaji jaribio la jozi, ama la t la jozi au la Wilcoxon la jozi, linalotumia mpangilio wa ukubwa wa tofauti. Viwango vikiegemea upande mmoja namna hiyo, mimi huvigeuza kuwa logi (logariti) kwanza: tofauti ya 0.3 katika logi ya msingi wa 10 maana yake kingamwili zimeongezeka takriban mara mbili, na hilo daktari yeyote atalielewa.

Fundi Sanifu
Nakubali, ila sisi tulifundishwa kuanza na Shapiro-Wilk, jaribio la kuangalia kama data zina umbo la kengele: data zikipita ni t, zisipopita ni Wilcoxon.

Mpenda Hesabu
Wengi tulifundishwa hivyo. Hata hivyo, katika jozi kinachotakiwa kukaribia umbo la kengele ni zile tofauti 12, si viwango vyenyewe, na kwa namba ndogo kiasi hicho Shapiro-Wilk hupitisha hata data zilizopinda. Wilcoxon nalo lina mipaka yake: ukiwa na jozi 5 tu, hata zote zikipanda, thamani ndogo kabisa ya p kwa pande mbili ni 0.0625. Kwa jozi 12 hilo halikusumbui. Kuhusu sampuli mbili zisizogundulika, usizifute, maana zilizo chini ndizo utakazokuwa umezitupa. Ikiwa baadaye zilisomeka, mwelekeo wa badiliko unajulikana. Weka nusu ya kiwango cha ugunduzi, kisha rudia hesabu kwa namba nyingine uone kama jibu linabadilika.

Mkongwe wa Benchi
Kijana, hujatuambia sahani zilipangwaje. Sampuli za awali na za baadaye za mgonjwa mmoja zilikaa sahani moja?

Mwanafunzi wa Seramu
Shikamoo mzee. Hapana, za awali zote nilizipima Jumatatu katika sahani ya kwanza, na za baadaye Alhamisi katika sahani ya pili.

Mkongwe wa Benchi
Marahaba. Basi tofauti ya tiba na tofauti ya sahani zimekwisha changanyika, na hakuna jaribio litakalozitenganisha. Joto la chumba, muda wa kuatamisha au kitendanishi cha chupa nyingine vinaweza kupandisha sahani nzima. Kama seramu imebaki kwenye friza, rudia, na jozi za kila mgonjwa zikae sahani moja.

Mwanafunzi wa Seramu
Imebaki ya wagonjwa 11. Nitaanza na hao wiki ijayo, kwa logi na jaribio la t la jozi.