Binti yangu anatupikia wote, yeye haonji. Naomba ushauri

Mama_Wawili
Ndugu zangu, nisaidieni mawazo. Binti yangu ana miaka 16. Alianza kwa kuacha sukari, nikafurahi. Akaacha mafuta, akaacha wanga, sasa kila tukiandaa meza ameshakula kwa rafiki yake au tumbo linamuuma. Kinachonichanganya ni kwamba jikoni hatoki. Anasoma mapishi hadi usiku, anatupikia, anakasirika tukibakiza. Yeye akilazimishwa, anakatakata chakula vipande vidogo na kukizungusha sahanini mpaka kipoe.

Anavaa sweta jua likiwaka. Nywele zinabaki kwenye kitana, hedhi imekatika. Alfajiri anaruka kamba chumbani hata akiwa na homa. Darasani bado anaongoza, ndiyo maana baba yake anasema nisimsumbue. Ndugu wakija wanamsifu amependeza. Nikimwambia amekonda, analia kwa hasira na kujifungia. Huu ni ugonjwa, au ni ujana utapita?

Muuguzi_wa_Zamu
Pole sana mama. Uliyoeleza yanafanana mno na anoreksia, nami nisingesubiri. Ni ugonjwa wa akili unaoumiza mwili mzima: mtu anaogopa mno kunenepa, anajinyima, na hauoni mwili wake ulivyo. Si jambo lililoletwa na simu. Madaktari William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliuandika wote mwaka 1873. Na ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, wengine kwa moyo, wengine kwa kujiua.

Wiki hii apimwe mapigo ya moyo, presha akiwa amelala na akisimama, umeme wa moyo, na damu: chumvi zake (potasiamu, fosfeti, magnesiamu) na sukari. Damu inaweza kutoka safi huku hali ni mbaya, kwa hiyo majibu mazuri yasiwatulize. Akizimia, akiumwa kifua, mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, au akitaja kujidhuru, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.

Msimshindilie chakula kingi ghafla. Kwa aliyekaa na njaa muda mrefu, fosfeti ya damu inaweza kushuka kwa kasi na moyo ukapata shida. Daktari apange kiasi cha kuanzia.

Mzee_Mshauri
Mnamdekeza huyo. Ni kiburi tu. Njaa yenyewe itamrudisha mezani.

Mwalimu_wa_Baiolojia
Mzee wangu, kwa heshima zote, njaa ndiyo inayomfunga. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea, kwa miezi 6. Wanaume wale wakaanza kuwaza chakula mchana na usiku, wengine wakikusanya vitabu vya mapishi. Wakala polepole mno, wakasikia baridi, wakawa wakali, wakajitenga. Hakuna aliyekuwa na kiburi. Sasa rudi usome alichoandika mama. Mengi ya hayo huletwa na njaa, ndiyo sababu nasaha peke yake haimsaidii mtu ambaye mwili wake haujaanza kulishwa.

Nimepona
Mama, mimi nimeugua hivyo. Ukiniambia nimekonda, nilisikia sifa. Ukiniambia nimenawiri, nilisikia kwamba nimenenepa. Acheni kabisa habari za umbo, lake na lenu, na hao ndugu waombwe wanyamaze. Kilichonifikia ni mama aliponiambia: "Naona unasikia baridi, hulali, na hucheki tena na wenzako. Naogopa. Kesho tunakwenda hospitali wote wawili." Nilimchukia siku ile. Hakubishana nami, wala hakubadili nia.

Na usingoje abaki mifupa. Aliyepungua haraka anaweza kuwa hatarini hata kama uzito wake unaonekana wa kawaida.

Kaka_Mkubwa
Wavulana pia jamani. Mdogo wangu alisema ni mazoezi tu, na kwa kuwa ni wa kiume, hakuna aliyeuwaza ugonjwa huu.

Mama_Wawili
Asanteni. Nimemsomea baba yake yote, amekubali twende. Nyumbani nishike lipi?

Muuguzi_wa_Zamu
Kwanza usijilaumu, wala usimlaumu yeye. Kwa umri wake, matibabu yenye ushahidi mzuri ni yale yanayowaweka wazazi mbele. Yalianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Wazazi ndio wanaoamua anakula nini na saa ngapi, mmoja wenu anakaa naye mpaka amalize, na baada ya mlo asiachwe peke yake kwa muda, hasa chooni. Atalia, atabishana. Kaeni palepale kwa upole, na wewe na baba yake msipingane mbele yake. Kamba iwekwe kando mpaka daktari aruhusu.

Kwa daktari, usiseme tu kwamba hana hamu ya kula, mnaweza kurudi nyumbani na vitamini. Sema unashuku anoreksia. Nenda na karatasi: uzito wake wa zamani kama unaujua, hedhi ya mwisho, vyakula alivyoacha na lini, mazoezi anayofanya. Omba pia rufaa kwa daktari wa afya ya akili, na uulize tarehe ya kurudi kabla hamjatoka.

Mzee_Mshauri
Mama, nimesoma yote. Sikuujua ugonjwa huu. Mpelekeni mtoto.