Mafundi wa grafiki Tanga, mnatuharibia vikatuni vya wanyama!

Wakuu, inatosha sasa. Stika za vikatuni vya wanyama zinazobandikwa kwenye chupa za juisi, makava ya simu na madaftari, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, nyingi ni uchafu. Paka ana ukungu usoni, kasa kingo zimeliwa, komba macho yamegeuka madoa ya kijivu. Mteja kalipa hela yake halali! Na msisingizie kompyuta, hii ni kazi ya kulipua.

Mtu anachukua picha ya paka mtandaoni, anaipunguza hadi pikseli (vile vinukta vya rangi vinavyounda picha) 32 kwa 32, anasema amechora. Hujachora chochote. Programu ikipunguza picha inachanganya rangi za pikseli jirani, unabaki na mamia ya rangi zinazokaribiana na hakuna hata mstari mmoja safi. Kwenye eneo dogo hivyo kila pikseli inawekwa kwa mkono.

Fungua turubai tupu ya 32 kwa 32, isiyo na rangi ya nyuma. Rangi nne hadi sita zinatosha. Kwenye GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha, chukua Pencil, ukubwa 1, siyo Paintbrush, maana hiyo inalainisha kingo na kuacha pikseli zenye rangi hafifu inayoonyesha kilicho nyuma. Kifutio nacho kiwekee tiki kwenye "Hard edge", la sivyo kinaacha mabaki usiyoyaona mpaka stika ikae juu ya rangi nyeusi.

Sasa uso, ambako wengi ndiko mnakoharibu. Kichwa kichukue karibu nusu ya kimo chote, macho yakae chini ya katikati ya kichwa na yaachane. Ukiyapandisha juu, yule mtoto wa paka amekwisha, umechora paka mzee. Hesabu upana kabla ya kuanza: kichwa cha pikseli 15 kina safu moja ya katikati, pua ya pikseli moja inakaa sawa. Kichwa cha 16 hakina katikati, kwa hiyo pua iwe pikseli mbili, vinginevyo uso unaenda upande. Komba mpe macho ya 4 kwa 4, na pikseli nyeupe iwe upande uleule kwa macho yote mawili, kwa sababu mwanga unatoka sehemu moja.

Mviringo wa gamba la kasa unataka ngazi ambazo urefu wake kwa pikseli unapungua kwa mpangilio: 5, 3, 2, 1, 1. Ukiweka 5, 2, 3, 1 linatoka nundu, na hapo ndipo mnapokimbilia kulifichia kwa ukungu. Hesabu upya! Na achaneni na kuchora kila kipande cha gamba. Mistari miwili mitatu inatosha.

Kukuza ndiko kunakoniudhi kuliko yote. Kuza kwa namba kamili tu. 32 mara 16 ni 512, kipimo cha stika ya WhatsApp. Mchoro wa 24 haugawi 512 sawasawa, baadhi ya pikseli zinanenepa kuliko wenzake. Ukuze mara 21 upate 504, kisha acha pikseli 4 tupu kila upande. Kwa kuchapa, 32 mara 20 ni 640, ambayo kwa pikseli 300 kwa inchi inatoa takriban sentimita 5.4. Unapokuza kwenye GIMP, sehemu ya "Interpolation" weka "None", ili programu isichanganye rangi. Photoshop ni "Nearest Neighbor". Ukiliacha chaguo linalokuja lenyewe, kazi yote imekwenda na maji.

Hifadhi kwa PNG. JPEG inabana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, inachafua pembeni mwa mistari, na haihifadhi sehemu tupu. Na nyie wa steshenari, mkitaka faili kwa WhatsApp mwambieni mteja atume kama dokumenti. Akituma kama picha inabanwa kuwa JPEG njiani, halafu mnamlaumu mchoraji.