Ukoo wa Nevada na Arizona 🌵

Alhamisi

Dada Zuhura: Assalam aleikum. Jumamosi hii ni Ziwa Mead, sibadilishi tena. Getini dola 25 kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo tubanane. Saa mbili asubuhi tuwe kwenye maegesho ya njia ya reli. Nani anakuja?

Dada Zuhura: Tiki za buluu kumi na moja. Jibu hata moja.

Hamisi Kingman: Saa mbili ya wapi? Novemba Arizona tuko saa moja mbele yenu. Mwaka juzi tulikaa garini saa nzima, maandazi yakaisha kabla hamjatokea

Mwanaidi: Kumbe ndiko yalikoishia 😂😂

Kassim: Mwanangu katega alamu 2:00 usiku wa manane. Hawa waliozaliwa huku waandikieni kwa namba jamani

Dada Zuhura: 8:00 ASUBUHI, SAA ZA NEVADA. Tunapita mahandaki matano, yale ya reli ya 1931 iliyobeba vifaa vya Bwawa la Hoover. Njia pana, hata mwenye mkongojo anapita. Chupa za kioo marufuku, chai itiwe kwenye thamosi.

Mwanaidi: Mimi nataka St. Thomas. Mji ulimezwa na ziwa 1938, sasa maji yamerudi nyuma, misingi ya nyumba iko nje unaikanyaga

Mwanaidi: 📷

Kassim: Huo weupe kwenye majabali ni rangi?

Mwanaidi: Madini ya maji. Ziwa lilikuwa linafika hapo juu

Kassim: Kama sufuria ya chai ya kwa Rukia 😂

Dada Zuhura: St. Thomas ni huko Overton, mbali. Vyote viwili haviwezekani. Nani analeta mkaa?

Kassim: Boti je? Tukichanga tunakodi

Hamisi Kingman: Kabla hujataja boti, mia na hamsini yangu

Kassim: Nililipa

Hamisi Kingman: Ulimpa nani?

Kassim: Marehemu mjomba

Hamisi Kingman: Ahaa. Shahidi mzuri huyo

Bi Mkubwa: Marehemu mwacheni apumzike. na boti hakuna. siku ile upepo ulipogeuka nilisimama ufukoni nahesabu vichwa kimoja hakipo mpaka magharibi. sihesabu tena mimi

Hamisi Kingman: Tumesikia mama

Kassim: Samahani Bi Mkubwa

Ijumaa

Dada Zuhura: Kwa hiyo mahandaki. Mkaa bado sijajibiwa.

Rukia: Nilikuwa zamu ya usiku. Tunaenda wapi?

Dada Zuhura: Soma juu

Rukia: Nimesoma. Sufuria yangu imefanya nini?

Mwanaidi: Gari langu linakwenda St. Thomas, nafasi tatu. Bi Mkubwa kashakubali kukaa mbele

Dada Zuhura: Lini??

Jumamosi

Hamisi Kingman: Tumefika. Maegesho matupu

Dada Zuhura: Hamisi, ni saa moja.

Hamisi Kingman: Mkaa tunao. Kiberiti hatuna