Mjadala: Zetsu Mweusi alipangwa tangu mwanzo, au Kishimoto alimpachika mwishoni?

Kunai Butu (mleta mada)
Wadau, salaam. Hili tulimalize leo.

Sura ya 678 ya Naruto, manga (katuni ya Kijapani) ya Kishimoto. Adui Madara Uchiha keshawasha Tsukuyomi ya Milele, jutsu (mbinu ya kininja) ya kuilaza dunia kwenye ndoto, dunia nzima imeviringishwa kwenye mizizi ya Mti wa Mungu, wamesalia Naruto, Sasuke, Sakura na Kakashi ndani ya Susanoo ya Sasuke, lile jitu la chakra (nguvu ya kininja). Mara Zetsu Mweusi, ambaye tuliaminishwa ni kipande cha nia ya Madara mwenyewe, anamtoboa kifua kutoka mgongoni na kumfahamisha kwamba muda wote alikuwa anatumika. Sura ya 679 Kaguya, bwana halisi wa Zetsu, huyo hapo. Manga nzima ina sura 700. Yaani kiumbe anayejitangaza kuwa ndiye aliyeendesha historia yote ya shinobi (ninja) anavua joho zikiwa zimebaki sura 22.

Mimi naita upachikaji. Rudini sura za 602 hadi 606, mle pangoni, Madara mzee na Obito, kijana aliyemwokoa. Zetsu anatambulishwa kama kazi ya Madara, anakabidhiwa kwa Obito, Madara anajichomoa kwenye Sanamu ya Gedo na kufa. Hakuna mashaka yoyote yanayodokezwa. Nionyesheni kisanduku kimoja cha picha, kabla ya 678, kinachoonyesha Zetsu ana bwana mwingine. Kimoja tu.

Binti Uchiha
Upachikaji? Mkuu, unamhukumu jasusi kwa sababu hukumwona akipeleleza.

Anza na jiwe la maandishi la ukoo wa Uchiha, ambalo Zetsu alilichezea. Liko chini ya hekalu la Nakano, chini ya tatami ya saba kutoka kulia. Ukiwa na Sharingan, jicho la ukoo huo, unasoma kiasi fulani, ukiwa na Mangekyo, hatua yake ya juu, unasoma zaidi, Rinnegan, jicho la juu zaidi, inafungua mengine. Sasa fikiria wewe ndiye Zetsu. Andiko hilo linasomwa na ukoo mmoja tu, na sehemu nzito inasomwa na mtu mmoja katika vizazi kadhaa. Ukibadilisha pale panapohusu Tsukuyomi, nani atalinganisha na nakala gani? Hagoromo, mwana wa Kaguya aliyeliandika, alikwishakufa. Hakuna shahidi.

Halafu tazama alichokuwa anakihitaji. Mtu mwenye chakra ya Indra, apate na mwili wenye chakra ya Asura, wale wana wawili wa Hagoromo. Madara akaipata kwenye Bonde la Mwisho, kwa nyama ya mpinzani wake Hashirama aliyoing'ata na kuipandikiza kwenye jeraha. Alipona kifo kwa Izanagi aliyoitega mapema, jutsu inayofuta kifo kwa bei ya jicho, akalipoteza jicho. Rinnegan ikaja uzeeni, karibu na kifo. Kwa Rinnegan akaishusha Sanamu ya Gedo kutoka mwezini. Baada ya hapo ni kukusanya wanyama wenye mikia, kuifufua Mikia Kumi, kuwa jinchuriki (mbebaji) wake, kusogea karibu na mwezi na kufungua jicho la paji la uso. Hatua zote hizo Madara alizipiga kwa hiari yake, akijua ni wazo lake. Huo ndio ufundi wenyewe. Kama tungedokezwa mapema, na Madara mwenye akili zile angedokezeka.

Ukitaka adui wa kupachikwa, yupo Danzo, mkuu wa kikosi cha siri cha Ne kijijini Konoha. Sharingan kumi mkononi na bado kapigwa na Sasuke, kijana ambaye hata ndevu hajaota.

Mzee wa Ne
Dada, Zetsu mwachie mleta mada. Mimi nataka hilo la Danzo.

Unajua alifika kwenye lile daraja alipopigana na Sasuke akiwa na hali gani? Kotoamatsukami ya jicho la Shisui Uchiha, ile ya kumtawala mtu bila yeye kujua, alikwishaitumia kwa Mifune kwenye mkutano wa Kage (wakuu wa vijiji) watano, na Ao akaigundua kwa Byakugan. Jutsu ile ukiitumia inalala zaidi ya miaka kumi. Chembe za Hashirama mwilini mwake zinafupisha usingizi huo, lakini haziufuti. Walinzi wake, Fu na Torune, Tobi (Obito mwenye kinyago) keshawamaliza. Mkono wa kulia umefungwa vikuku vizito vya chuma ambavyo lazima avifungue kwanza ndipo Izanagi ifanye kazi. Mzee wa umri ule, anatoka kuzungumza na viongozi wa dunia, anakutana na Sasuke mwenye Susanoo na Amaterasu (moto mweusi). Alisimama peke yake. Huyo ndiye unamwita wa kupachikwa?

Hesabu za Karin
Mzee wa Ne, usiturushe. Aliyeshindwa pale ni hesabu, uzee hauhusiki.

Macho kumi. Kila jicho linashikilia Izanagi kwa dakika moja, kisha linafumba na halifumbuki tena. Ni dakika kumi za kutokufa, basi. Ndani ya hizo dakika ilitakiwa ammalize Sasuke, si kukwepa. Sasuke, kwa upande wake, alishagundua kwamba kila akimuua anarudi, na Karin, mwenzake Sasuke, akaona macho yanafumba moja baada ya jingine. Kuanzia hapo Sasuke hakuhitaji pigo la kuua, alihitaji mapigo ya kumlazimisha Danzo aendelee kutumia macho. Mwishoni akamtia kwenye genjutsu (kiini macho) nyepesi kabisa: akamwonyesha kwamba jicho moja bado liko wazi. Wakachomana kwa pamoja. Danzo akasubiri mwili ujirudishe, haukujirudisha. Alipotazama mkono, macho yote yamefumba.

Genjutsu ya kiwango kile Danzo angeivunja kama angekuwa anahesabu mwenyewe badala ya kutazama mkono. Na chakra ilikuwa imekwisha, ndiyo maana chembe za Hashirama zikamshinda, mti ukaanza kumchipuka begani, akalazimika kuukata mkono.

Mzee wa Ne
"Genjutsu nyepesi kabisa." Ya Sasuke Uchiha. Sawa.

Wa Kilindini
Jamani, mada ni Zetsu. Kurasa mbili sasa ni mkono wa Danzo.

Ila kwa vile mmeanza, tusimpambe. Huyu ndiye aliyemuua Yahiko, mwanzilishi wa Akatsuki. Bila Yahiko kufa, rafiki yake Nagato hageuki kuwa Pain, bila Pain Akatsuki inabaki kundi la kutafuta amani. Danzo amemfanyia Zetsu kazi kubwa kuliko Obito na hajui.

Hesabu za Karin
Danzo hakumuua Yahiko. Danzo alishirikiana na Hanzo, mtawala wa Ame, kutega mtego, Hanzo akamshika Konan, mwenzao, akamwambia Nagato amuue Yahiko ili Konan apone. Yahiko akajitupa mwenyewe kwenye kunai (kisu cha ninja) iliyokuwa mkononi mwa Nagato. Kama tunajadili lawama, tuitaje mikono yote.

Wa Kilindini
Kwa hiyo aliyepeleka askari wake wa Ne kwenye mtego hana mkono? Mimi sijasema alishika kunai. Nimesema alimuua.

Binti Uchiha
Na ukoo mzima wa Uchiha alimuua nani? Hilo mbona mnalipita? Shisui alikuwa na njia ya kuzuia mapinduzi bila damu, awaelekezee Kotoamatsukami wenzake. Danzo akamng'oa jicho moja. Jingine Shisui akampa Itachi, kaka yake Sasuke, na kujitupa mto Naka. Baadaye Danzo huyohuyo anamweka Itachi mbele ya chaguo: ukoo wote pamoja na mdogo wako, au ukoo wote isipokuwa mdogo wako. Kisha macho ya marehemu anayapandikiza mkononi mwake. Halafu tunaombwa tumhurumie kwa sababu vikuku vilichelewa kufunguka.

Mzee wa Ne
Fugaku, mkuu wa Uchiha, alikuwa anapanga kuipindua Konoha, na Itachi ndiye aliyekuwa akileta habari. Mzee Hiruzen, Hokage (mkuu wa Konoha), alitaka mazungumzo, muda ukamwishia. Kijiji kikigawanyika, mataifa mengine yanaingia. Danzo alichukua uamuzi mchafu ambao wengine walitaka uchukuliwe bila wao kuguswa. Silalamiki akichukiwa. Nalalamika akiitwa mjinga.

Na tukitaka kuwa wakweli, hasira ya Uchiha ilitoka wapi? Wewe mwenyewe umesema jiwe lilichezewa. Basi Fugaku kadanganywa, Danzo kadanganywa, Itachi kadanganywa. Msinibebeshe mimi peke yangu, mzigo ni wa Zetsu.

Kunai Butu (mleta mada)
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea, na ndiyo maana simkubali huyu Zetsu. Akishaingia, kila mtu anapata pa kujificha.

Chukueni Obito. Madara aliwadhibiti ninja wa kijiji cha Kiri, wakamfungia Rin, aliyependwa na Obito, yule mnyama Mikia Mitatu, ili akirudi Konoha alipuke. Rin akajitupa kwenye Chidori (pigo la umeme) ya Kakashi makusudi. Hii ni njama ya mwanadamu, imeandikwa vizuri, ina uchungu. Obito akaona, akachagua. Aliachilia Mikia Tisa usiku wa kuzaliwa Naruto, akamwongoza Yagura, Mizukage wa Nne, akamzunguka Nagato, akajiita Madara miaka yote hadi alipofichuliwa sura ya 599. Kila jambo lilikuwa lake. Ukiweka Zetsu nyuma ya yote, uzito unapungua.

Tatami ya Saba
Uzito haupungui, mleta mada, na ushahidi umeutaja wewe mwenyewe bila kuutazama vizuri. Nani alimpelekea Obito habari kwamba Rin na Kakashi wamezingirwa na ninja wa Kiri? Zetsu. Yule mwenye uso wa mzunguko ndiye aliyemwambia, akamvika mwili wake ili aweze kutoka pangoni, na wakafika muda uleule Chidori inapita kifuani. Wangefika mapema kidogo, Obito angemwokoa Rin. Wangechelewa, asingemwona akifa kwa mkono wa Kakashi. Muda ule ulipimwa.

Lakini sikiliza: kupimwa kwa muda hakumsafishi Obito. Zetsu hamwingii mtu kichwani. Analeta habari ya kweli kwa wakati mbaya, au anabadilisha mstari kwenye jiwe, kisha anaondoka. Kakashi alimpoteza Rin siku ileile, tena kwa mkono wake, na hakuachilia Mikia Tisa kijijini. Itachi alishika panga usiku ule na alijua anachokifanya. Danzo alitaka macho kabla hajajua chochote kuhusu jiwe. Mzee wa Ne, mzigo wako uko palepale.

Mzee wa Ne
Kakashi alikuwa na mwalimu, ana kijiji. Obito alikuwa na pango. Usilinganishe.

Kijani Nusu
Naomba niongeze la kivita, kwa sababu watu wanamdharau Zetsu kama mnong'onaji tu.

Vita vya Nne vya Shinobi: Zetsu Weupe laki moja dhidi ya Muungano wa vijiji wenye shinobi 80,000. Hatari haikuwa idadi. Walikuwa wanaiga sura na chakra ya mtu hadi hata wenye kuhisi chakra wanapita mlemle, na usiku kambini watu walianza kuuawa na "wenzao". Mmoja alimwendea Sakura kwenye hema la majeruhi kwa sura ya Neji, Sakura akamgundua. Kilichoivunja mbinu hiyo ni Naruto katika hali ya chakra ya Kurama (Mikia Tisa), anayehisi nia mbaya, si chakra tupu. Na wao ni watu waliowahi kunaswa na Mti wa Mungu zama za Kaguya. Madara aliwaona wakitoka kwenye Sanamu, akaamini ni nakala alizozikuza kwa chembe za Hashirama. Ndivyo Zetsu anavyofanya kazi: anakuachia ujisifu kwa kitu kilichokuwepo kabla yako.

Kunai Butu (mleta mada)
Kijani, hayo yote tumeelezwa baada ya 678. Ombi langu lilikuwa kabla.

Tatami ya Saba
Upo, kabla ya 678. Obito ameshindwa, anageuka upande wa Naruto, anataka kutumia Rinne Tensei (jutsu ya kufufua wafu) kwa hiari yake. Zetsu Mweusi anamshika nusu ya mwili na kumlazimisha amfufue Madara. Baadaye nusu ya Yin ya Kurama inapelekwa kwa Naruto, Zetsu anaidaka njiani, inakwenda kwa Madara. Tazama anavyoamua mwenyewe, papo hapo, bila kuamriwa.

Kunai Butu (mleta mada)
Yote mawili yanamnufaisha Madara! Mtumishi mwaminifu angefanya vilevile. Unanipa ushahidi wa utii unauita ushahidi wa usaliti.

Binti Uchiha
Kwa sababu Madara ndiye chombo! Obito alibeba jicho moja tu la Rinnegan. Kaguya anahitaji mwili ulioyabeba yote, na jicho la tatu juu yake. Lazima amtumikie Madara kwa ukamilifu mpaka Tsukuyomi iwake. Ukimwona mwaminifu, hiyo ndiyo kazi ilivyotakiwa kuonekana.

Kunai Butu (mleta mada)
Kwa kanuni hiyo hata Tonton, yule nguruwe wa Tsunade, ni adui mkuu. Amekuwa mwaminifu miaka yote, hakuna anayemshuku.

Kijani Nusu
Tonton usimguse.

Kisanduku unachokitaka kipo. Mara ya kwanza kabisa Zetsu anaonekana, Naruto na Sasuke wakiwa wanapigana Bonde la Mwisho, nusu mbili zinaongea kila moja na sauti yake. Vivyo hivyo kila alipotokea Akatsuki. Tangu siku ya kwanza tulionyeshwa viumbe wawili ndani ya mwili mmoja, na wote tukaona ni kituko tu cha uchoraji.

Kunai Butu (mleta mada)
Kuwa na sauti mbili si kuwa na mabwana wawili. Naomba kisanduku chenye bwana wa pili.

Mzee wa Ne
Wakati mnatafuta: Hesabu za Karin, umesema Danzo hakuwa anahesabu. Alikuwa akipambana na Susanoo ana kwa ana. Ulitaka ahesabu kwa vidole?

Hesabu za Karin
Ndiyo. Dakika ni sekunde sitini, na yeye ndiye aliyejipandikiza hayo macho. Sasuke aliweza kuzihesabu akiwa upande wa pili wa daraja, tena akiwa anakaribia upofu.